Wasomaji wauliza: David Lean, mwongozaji aliyetokea chumba cha uhariri

Barua kuhusu mwongozaji wa Uingereza David Lean zimekuwa nyingi, na nyingi zimetoka kwa vijana wanaojifunza kupiga na kuhariri filamu. Hatukuzipanga kwa kufuata miaka ya maisha yake. Wengi wenu mmeuliza "alifanyaje" kuliko "alizaliwa lini", nasi tumewafuata huko.

SWALI: Nimesoma kwamba Lean alianza kazi ya filamu kwa kuchemsha chai. Ni kweli, au ni zile habari za kumpamba mtu akishakuwa maarufu? Na alifikaje kwenye uongozaji?

Ni kweli. Alizaliwa Croydon, kusini mwa London, tarehe 25 Machi 1908, katika familia ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, watu ambao enzi hizo waliiona sinema kuwa upotovu. Alikuwa tayari kijana wa miaka 13 alipoona filamu kwa mara ya kwanza. Kamera ya picha mnato aliipata mapema zaidi, zawadi ya mjomba, na hiyo haikukatazwa. Baba yake alikuwa mhasibu, naye alipomaliza shule akawekwa katika ofisi ya baba kujumlisha hesabu. Hakudumu. Mwaka 1927, akiwa na miaka 19, alikwenda kuomba kazi kampuni ya Gaumont, kwenye studio za Lime Grove, Shepherd's Bush. Akapewa mwezi wa majaribio bila mshahara: kupeleka chai, kutumwa huku na kule, kushika kibao cha kamera.

Kilichomtoa hapo ni uhariri. Kufikia mwaka 1930 alikuwa akihariri filamu za habari, zile zilizokuwa zikionyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kuu. Hiyo ilikuwa kazi ya mbio. Mikanda inaingia leo, na toleo lazima liwe tayari baada ya saa chache, maana zilikuwa zikitoka mara mbili kwa wiki. Huna nafasi ya kumwambia mpigapicha arudie, unatumia ulicholetewa. Wakati huohuo sauti ilikuwa imeingia punde, na wahariri wengi waliolelewa na filamu bubu walikwama kuoanisha midomo na utepe wa sauti. Lean alijifunza haraka, na katikati ya miaka ya 1930 alihesabiwa miongoni mwa wahariri bora Uingereza. Alihariri *Pygmalion* (1938) na *49th Parallel* (1941).

Jambo moja ambalo vijana huliruka: aliwahi kupewa nafasi ya kuongoza, akakataa. Sheria ya mwaka 1927 iliyalazimisha majumba ya sinema ya Uingereza kuonyesha kiwango fulani cha filamu za nyumbani, na kampuni zikaanza kutengeneza filamu za bei poa ili kutimiza tu hesabu. Lean aliona kwamba akianza na hizo jina lake litabaki huko. Alisubiri hadi *In Which We Serve* ya mwaka 1942, ambapo mwandishi na mwigizaji Noël Coward alihitaji mtu wa ufundi wa kumsaidia. Lean alitaka jina lake liandikwe kama mwongozaji mwenza, akakubaliwa, na baada ya wiki chache Coward alichoka na shughuli za nyuma ya kamera akamwachia sehemu kubwa ya kazi.

SWALI: Ule mkato wa njiti ya kiberiti katika *Lawrence of Arabia*: Lawrence anapuliza moto, ghafla tuko jangwani jua likichomoza. Nimejaribu kuuiga kwenye kazi yangu ya shule mara kadhaa na kila mara unaonekana kama kosa. Nakosea wapi?

Hukutuma video, lakini makosa kwenye mkato huu yanajirudia, kwa hiyo tutakisia.

Kwanza ujue ulivyopatikana. Kwenye skripti haukuwa mkato wa moja kwa moja. Ilipangwa picha ya kwanza ififie huku ya pili ikijitokeza juu yake, kama desturi ya wakati huo ya kuonyesha kwamba muda umepita au mahali pamebadilika. Mfifio wa namna hiyo ulitengenezwa maabara na ulichukua muda, kwa hiyo mhariri alichora alama kwa kalamu ya nta juu ya mkanda wa kazi na kuunganisha vipande viwili vikiwa vimegusana tu. Mhariri wa filamu hiyo, Anne V. Coates, alikuwa tayari amemshawishi Lean atazame filamu za vijana wa Ufaransa wa miaka ile, waliokuwa wakikata bila kuomba radhi. Walipokaa kuangalia mkanda wa kazi, wakaona kwamba mgusano ule mtupu ulifanya kazi kuliko mfifio. Lean alimwambia karibu umekaa sawa, aende akaukamilishe. Coates aliondoa fremu mbili, yaani picha mbili mojamoja za mkanda. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde.

Sasa makosa. La kwanza ni kutoipanda njiti mapema. Kabla ya pale, filamu imeshatuonyesha Lawrence akizima njiti kwa vidole mbele ya askari mwenzake, na tumeelewa kwamba ni mtu anayejipima na maumivu. Njiti inaporudi ofisini ina uzito tayari. Kama kitu chako kinaonekana kwa mara ya kwanza sekunde tatu kabla ya mkato, mtazamaji hana cha kukibebea.

La pili ni mahali pa kukata. Wengi huacha moto uzime, moshi upande, mwigizaji ashushe mkono, ndipo wakate. Kwa kufanya hivyo tendo limekwisha, na mkato unaanza jambo jipya badala ya kumalizia lililoanza. Mkato wa Lean unaangukia kwenye pumzi yenyewe, yaani jangwa ndilo jibu la kupuliza. Tafuta fremu ambayo mwali unalala, kata hapo, kisha punguza fremu moja moja kurudi nyuma huku ukitazama kila mara kuanzia sekunde kumi kabla. Usitazame mkato peke yake. Mkato wowote ukiutazama peke yake mara ishirini utaonekana mbovu. Na kama simu yako inarekodi fremu 60 kwa sekunde, zile fremu mbili za Coates ni sawa na tano zako.

La tatu ni shoti ya pili. Inatakiwa iwe kinyume cha ya kwanza katika kila kitu isipokuwa rangi. Ya kwanza ni uso wa karibu, ndani ya chumba. Ya pili ni upeo wa macho, mpana, karibu hausogei, na wekundu wake unapokea ule wa mwali. Kitu kimoja tu kinajongea, ukingo wa jua. Iache ikae. Anayekata shoti ya pili baada ya sekunde mbili amemnyang'anya mtazamaji alichompa.

La nne ni sauti, na hapa ndipo kazi nyingi za shule huharibikia. Muziki wa Maurice Jarre haudondoki juu ya mkato. Unajengeka taratibu kadiri jua linavyopanda na unalipuka baadaye, matuta ya mchanga yanapotokea. Ukiweka mdundo au mvumo wa upepo palepale kwenye mkato, umemwambia mtazamaji "angalia, nimekata."

SWALI: Naomba hesabu fupi: Lean alipata Oscar ngapi?

Mbili za mwongozaji bora, kwa *The Bridge on the River Kwai* (1957) na *Lawrence of Arabia* (1962). Aliteuliwa mara saba katika kundi hilo. Filamu hizo mbili zilichukua Oscar saba kila moja. Filamu alizoongoza kwa jumla ni 16 tu, ukihesabu na ile aliyoongoza pamoja na Coward.

SWALI: Tukio la Omar Sharif kutokea kwenye mazigazi akiwa juu ya ngamia, linapigwaje? Nimejaribu na simu kwenye barabara ndefu mchana wa jua kali nikavuta zumu hadi mwisho. Picha imetoka kama rangi ya maji iliyomwagika.

Simu yako haikuvuta lenzi, ilikata kipande kidogo cha picha na kukipanua. Baada ya hapo programu yake ikaona ule mtetemo wa hewa joto kama kasoro, ikajitahidi kuusafisha. Uliutaka mtetemo, nayo ikaufuta.

Mpigapicha mkuu Freddie Young alipata kutoka kampuni ya Panavision lenzi ya milimita 482, na hadi leo watu wa kamera huiita lenzi ya David Lean. Lakini usiichukue namba hiyo ikiwa tupu. Filamu ilipigwa kwenye mkanda wa milimita 65, ambao picha yake ina upana wa takriban milimita 52.5. Kwa kamera ya kidijitali yenye kihisi cha milimita 36, eneo hilohilo la kuona, nyuzi 6 hivi, utalipata kwa lenzi ya milimita 330. Kwa kihisi kidogo cha milimita 23.5, lenzi ya milimita 215 hadi 220 inatosha. Kwa hiyo lenzi ya milimita 70 hadi 300 ya kuazima itakufikisha karibu sana.

Mahali ni nusu ya kazi. Tukio lilipigwa kwenye uwanda mkavu wa matope huko Jafr, Yordani, tambarare hadi macho yanapokoma. Mazigazi hutokea kwa sababu hewa iliyogusa ardhi ni ya moto kuliko iliyo juu yake, hivyo mwanga wa angani hupinda na kuonekana kama maji chini ya upeo. Ukiwa na kilima nyuma, hupati kitu. Ukiweka kamera juu sana, unaangalia ardhi kwa pembe inayopoteza yale "maji". Iweke chini ya kimo cha kifua kisha ishushe kidogo kidogo ukitazama kioo, na utaona ziwa likipanuka. Upepo ni adui, huchanganya tabaka za hewa. Tumia stendi nzito, ining'inize mfuko wa mchanga, na uzime kizuia-mtikisiko cha lenzi, maana nacho kitaanza kupambana na mtetemo.

Fokasi haitakusumbua mwanzoni, maana kwa mbali sana mabadiliko ni madogo. Shida huanza mhusika akikaribia. Hapo msaidizi awe ameshaweka alama ardhini ambazo kamera haizioni, mawe au vijiti vidogo pembeni ya njia, na kwenye pete ya lenzi awe na alama zinazolingana nazo.

Kisha nyayo. Kwenye ardhi safi, teki ya pili, yaani kurudia kupiga shoti ileile, hailingani na ya kwanza, kwa sababu njia imeshakanyagwa. Wafanyakazi wa Lean walikuwa wakifagia mchanga, na palipokuwa pameharibika kabisa walihama. Mbunifu wa mandhari, John Box, alichora michirizi hafifu ardhini inayoelekea kule mpandangamia anakotokea, ili jicho lielekezwe bila kujua. Itazame tena filamu ukiitafuta utaiona. Usipoitafuta, inafanya kazi yake kimya.

Hakuna muziki katika tukio lile. Kuna watu kisimani, ukimya, hatua za ngamia, halafu risasi. Lean alikuwa na shoti ndefu kuliko iliyotoka, na baadaye alisema aliipunguza kwa kuogopa.

SWALI: *Brief Encounter* inasimuliwa kama kisa cha kusini mwa Uingereza. Kwa nini kwenye kibao cha stesheni kuna majina ya miji ya kaskazini?

Umeona vizuri. Stesheni ya "Milford Junction" ni ya kubuni. Waliyoitumia ni Carnforth, Lancashire, kaskazini magharibi, na Leeds, Bradford na Morecambe zilibaki kwenye kibao.

Sababu ni vita. Filamu ilipigwa mapema mwaka 1945, wakati taa za nje usiku bado zilikuwa na masharti makali kwa hofu ya mashambulizi ya anga. Lean alihitaji jukwaa zima la stesheni liwake usiku. Carnforth ilikuwa mbali vya kutosha na pwani ya kusini, kiasi kwamba kama ndege zingekuja, kungekuwa na muda wa kupata onyo na kuzima taa. Kingine ni kwamba treni za kweli zilipita hapo usiku kucha, na mvuke na ngurumo zilipatikana bila gharama. Chumba cha chai hakikupigwa Carnforth, kilijengwa ndani ya studio za Denham.

Kwa wahariri, tazameni pale Laura, mhusika mkuu, anapokimbilia ukingo wa jukwaa baada ya mpenzi wake kuondoka. Kamera inalala upande, treni inapita, na kinachoonekana ni mwanga wa madirisha ukimpigapiga usoni tu. Kisha kamera inanyooka. Ukitaka kuiga hilo chumbani huhitaji treni. Toboa matundu ya mraba yaliyo na nafasi sawa kwenye boksi refu, liweke mbele ya taa kali, na mtu alipitishe haraka. Kosa la kawaida ni kuiweka taa karibu mno, ambapo kingo za mwanga hufifia na madirisha hayatambuliki. Irudishe nyuma mita tatu au nne. Kosa jingine ni kusahau upepo. Bila nywele kupeperuka ni taa tu. Feni moja inatosha.

SWALI: Daraja la Kwai lililipuliwa kweli? Na je, kisa chenyewe ni cha kweli?

Daraja lilikuwa la kweli, la mbao, lililojengwa juu ya mto Kelani huko Kitulgala, Sri Lanka, nchi iliyoitwa Ceylon wakati huo. Treni nayo ilikuwa ya kweli. Hakukuwa na daraja la akiba.

Siku ya kwanza mambo yaliharibika. Utaratibu ulikuwa hivi: kila mpigapicha awashe kamera yake, aingie kwenye handaki, kisha abonyeze swichi inayowasha taa moja mbele ya Lean. Taa zote zikiwaka, baruti inalipuliwa. Dereva wa treni alitakiwa aruke kabla ya darajani. Treni ikaja, dereva akaruka, na taa moja haikuwaka. Lean hakuweza kujua kama mtu yule yuko salama au yuko wazi karibu na baruti, akazuia mlipuko. Treni ikavuka daraja peke yake na kwenda kugonga jenereta upande wa pili. Mpigapicha alikuwa salama muda wote, alisahau kubonyeza tu. Treni ikarudishwa relini, na kesho yake daraja likaanguka kama mnavyoliona.

Uamuzi wa Lean ulikuwa sahihi na haustahili kuitwa bahati mbaya ya mwongozaji. Udhaifu ulikuwa kwenye mfumo: ishara moja ilibeba maana mbili, "kamera inazunguka" na "mimi niko salama". Kwenye tukio lisiloweza kurudiwa, tenganisheni hizo mbili. Mmoja ahesabu kamera, mwingine ahesabu watu, na kila mmoja awe na haki ya kusimamisha kazi.

Kuhusu ukweli wa kisa, reli ya Siam na Burma ilijengwa kweli na wafungwa wa vita na vibarua wa Asia chini ya Wajapani, na walikufa kwa maelfu mengi. Lakini madaraja ya Tamarkan, Thailand (Siam ya zamani), moja la mbao na moja la chuma, yalipigwa mabomu na ndege za Washirika mwaka 1945. Ofisa Mwingereza aliyekuwa kambini hapo, Philip Toosey, hakufanana na kanali wa filamu anayelipenda daraja la adui. Huyo ni wa riwaya ya Pierre Boulle.

Na skripti ina kisa chake. Oscar ilikwenda kwa Boulle, aliyekuwa akiandika kwa Kifaransa. Waandishi wenyewe, Carl Foreman na Michael Wilson, walikuwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti, na majina yao yakafichwa. Akademia inayotoa Oscar ilikuja kuwapa tuzo hiyo miaka ya 1980, wote wawili wakiwa wameshafariki.

SWALI: *Doctor Zhivago* ilipigwa Urusi? Ile nyumba iliyoganda barafu hadi ndani waliipata wapi?

Uhispania. Riwaya ilikuwa imepigwa marufuku Urusi, hivyo kwenda kupiga huko hakukuwezekana. Mitaa ya Moscow ilijengwa Canillas, Madrid, na sehemu kubwa ya mashambani ni Soria. Baadhi ya matukio ya treni kwenye theluji yalipigwa Finland.

Soria ilichaguliwa kwa sifa ya baridi kali, na mwaka ule baridi haikuja. Theluji nyingi mnayoiona ni unga wa marumaru uliomwagwa mashambani. Waigizaji walivaa makoti ya manyoya juani, ikabidi wafutwe jasho kila dakika, kwa kuwa tone moja kwenye paji la uso linaharibu baridi yote. Barafu ya nyumba hiyo, iitwayo Varykino katika kisa, ni nta. Iliyeyushwa, ikarushwa juu ya samani na kuta, na palepale ikamwagiwa maji baridi ili igande kwa michirizi. Anayetaka kujaribu kwa seti ndogo azingatie kwamba nta ya moto haishiki juu ya vumbi wala juu ya plastiki laini. Nta ikipoa taratibu inakuwa bapa kama ya mshumaa uliomwagika, na maji baridi ndiyo yanayoipa umbo la barafu. Msitumie taa za moto karibu, na nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichokaa juu ya maji yanayochemka, si juu ya moto mtupu, maana inawaka.

Uhispania ilikuwa chini ya dikteta Franco. Umati wa waigizaji wa ziada ulipoimba wimbo wa kimapinduzi usiku kwa ajili ya maandamano, polisi walifika, na inasemekana wakazi wa jirani walidhani Franco amekufa.

SWALI: Kwa nini hakutoa filamu kwa miaka 14?

Kati ya *Ryan's Daughter* (1970) na *A Passage to India* (1984) kulikuwa na mambo mawili. La kwanza linajulikana: baada ya *Ryan's Daughter* alialikwa New York, hoteli ya Algonquin, kukutana na chama cha wahakiki wa filamu wa Marekani, wakamshambulia uso kwa uso kwa muda mrefu. Ilimuumiza moyoni. La pili halitajwi sana, nasi tunalipa uzito zaidi: miaka kadhaa ilimezwa na mpango wa filamu mbili kuhusu uasi kwenye meli ya Bounty, akiwa na mwandishi wake Robert Bolt. Fedha ziliyumba, Bolt akapata kiharusi mwaka 1979, na mpango ukamponyoka. Mwongozaji mwenye mpango hai hahesabiki kuwa amekaa bure.

Na *Ryan's Daughter*, pamoja na urefu wake, ina dhoruba ambayo mpigapicha yeyote anapaswa kuiona. Hawakutumia matangi ya studio; walisubiri dhoruba za kweli za Atlantiki magharibi mwa Ireland. Shida ilikuwa maji ya chumvi kwenye lenzi. Freddie Young aliweka mbele ya kamera kioo cha mviringo kinachozungushwa na mota kwa kasi, kifaa cha kwenye meli, ambacho hurusha matone nje kabla hayajatulia. Lenzi isikae katikati ya kioo hicho, kwa sababu pale kati mzunguko hauna nguvu na maji hubaki. Young alipata Oscar.

*A Passage to India* aliiandikia skripti, akaiongoza na kuihariri mwenyewe, akiwa na miaka 76. Alifariki London tarehe 16 Aprili 1991, zikiwa zimesalia wiki chache aanze kupiga *Nostromo*.

SWALI: Nimekuta *Lawrence of Arabia* za urefu tofauti. Nitazame ipi?

Ilianza Desemba 1962 ikiwa na dakika 222. Wiki chache baadaye ikapunguzwa hadi kama 202, ili majumba ya sinema yapate maonyesho zaidi kwa siku, na ilipotolewa tena mwaka 1971 ikabaki 187. Robert Harris, mtaalamu wa kurejesha filamu za zamani, na wenzake walitafuta vipande vilivyopotea, ikatoka upya mwaka 1989, Lean na Coates wakishiriki kuiweka sawa. Baadhi ya vipande vilipatikana bila sauti. Waigizaji Peter O'Toole, Alec Guinness na wengine walirudi kujirekodi upya zaidi ya robo karne baadaye, na sauti zao zikarekebishwa kwa mitambo zisikike za ujana. Mwigizaji mwenzao Jack Hawkins alikuwa ameshafariki, akasemewa na Charles Gray.

Tafuta hiyo. Ina takriban dakika 216 za filamu, na 227 ukijumlisha muziki wa kufungulia, wa mapumziko na wa kufungia. Toleo la mwaka 2012 limetokana na hiyohiyo, likiwa limeskaniwa upya kutoka kwenye mkanda halisi.

Kwenye televisheni, zima kile kipengele cha "kulainisha mwendo", kinaligeuza jangwa kuwa tamthilia ya mchana. Usiinyooshe picha ijaze kioo. Umbo lake ni 2.20 kwa 1, na mistari myeusi juu na chini ni halali. Na ukiibonyeza ianze ukaona kioo cheusi na muziki kwa zaidi ya dakika nne, weka rimoti chini. Diski haijaharibika.